Siku moja tu Italia: Maranello, Modena au kwa Lamborghini?

Swali limetoka kwa kaka mmoja wa Kiwengwa, dereva wa watalii. Anasema kuna familia ya Kitaliano amekuwa akiwaendesha kila wakija Zanzibar, safari hii wamemwalika yeye kwao Bologna mwezi wa kumi, viza keshapata, na katika muda wote wa kukaa kwake atapata siku moja tu ya kwenda anakotaka mwenyewe. Anataka kuona magari ya mbio. Anauliza aende Maranello kwa Ferrari, au ile makumbusho ya Modena, au kwa Lamborghini, au azibanebane zote siku ile ile. Anauliza pia mtu anaeendesha Noah ya kupeleka wageni hotelini ataambulia nini pale zaidi ya kupiga picha. La mwisho, ameona kwenye simu kuwa karibu na makumbusho kuna watu wanakodisha Ferrari uendeshe mwenyewe, je akodi?

Waaleykum salaam kaka yangu. Nianze na jibu kabla sijakuchosha. Shuka Modena asubuhi, ingia makumbusho ya Enzo Ferrari, mwanzilishi wa Ferrari, ukimaliza panda basi lao uende Maranello mchana. Lamborghini iache safari hii. Kukodi usikodi, sababu ntakupa huko chini.

Najua wengi watakwambia Modena ya nini, nenda moja kwa moja Maranello ndo kwenye Ferrari zenyewe. Mie kazi yangu injini, nimeshika spana tangu natoka skuli, na makumbusho hizo nimeshaingia, na nakwambia kwa moyo mmoja kuwa mtu wa gari akiiruka Modena kaacha kitu ambacho Maranello hakipati. Na si mbali, kutoka kituo cha treni unakwenda kwa miguu kama dakika kumi hivi.

Ukifika utaona jengo la paa la njano lililopinda, limechorwa makusudi lifanane na boneti, na matundu ya hewa limewekewa. Alielichora ni Jan Kaplický, mtu wa Czech, na likafunguliwa mwaka 2012 yeye keshafariki. Njano ndo rangi ya mji wa Modena, na ndo ile ile iliopo nyuma ya farasi mweusi kwenye nembo ya Ferrari. Ndani ya jengo hilo magari yamepangwa mbali mbali, ukumbi mweupe, mwanga mzuri, utapiga picha zako upendavyo. Lakini picha piga haraka, kisha toka uende ile nyumba kongwe ya matofali iliopo ubavuni. Hiyo ndo nyumba aliyozaliwa Enzo Ferrari mwaka 1898, na ile sehemu ndefu iliyoungana nayo ilikuwa karakana ya baba yake, Alfredo, mtu wa vyuma, akifanya kazi za reli. Baba na kaka wa Enzo wote wawili walifariki mwaka 1916, karakana ikasimama, kijana akachukuliwa jeshini vita vya kwanza vya dunia na kazi aliyopewa kule ni kuwapigilia nyumbu viatu vya chuma. Vita vilipokwisha akaenda Turin kuomba kazi Fiat, wakamkataa. Nakusimulia haya kwa sababu ukiingia mle karakanani unaingia pahala hasa palipoanzia, si jengo la kuigiza.

Na mle ndani wameweka injini. Zimetolewa kwenye gari, zimewekwa peke yake, unazizunguka. Hapa ndo nataka uchelewe.

Ufunguo wa kuzisoma ni majina yake, na huu utakufaa mpaka Maranello. Gari ya kwanza kutoka na jina la Ferrari ni 125 S ya mwaka 1947. Hiyo 125 ni cc za silinda moja. Silinda zipo 12, piga hesabu, inakuja kama lita 1.5. Ukikuta 250, basi mara 12, lita 3. Baadae wakabadilisha mtindo, 308 ni lita 3.0 silinda 8, na Dino 246 ni lita 2.4 silinda 6. F40 nayo ni miaka 40 tangu 1947, kwa hiyo hapo hesabu haiingii. Ukishajua hivo kila kibao utakachosimama mbele yake utakuwa unakisoma kama mtu wa ndani.

Sasa fikiria hiyo 125 S kidogo. Injini ndogo ya lita 1.5, kwa nini mtu ajitese kuigawa mara 12 wakati ingefanya kazi na silinda 4? Kila silinda ile ni sawa na bodaboda ya cc 125 inayopita hapo nje kwako. Pistoni ndogo, nyepesi, na kitu chepesi unaweza kukipandisha na kukishusha kwa kasi zaidi bila ya kukivunja. Injinia alieichora, Gioachino Colombo, alitaka mizunguko, na mashine ile ilikuwa inafika 6,800 kwa dakika mwaka 1947, wakati gari nyingi za barabarani zama zile hata haziisogelei namba hiyo. Alafu kuna ulaini. Injini ya mipigo minne inamaliza kazi yake kwa mizunguko miwili ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, yaani nyuzi 720. Ukiwa na silinda 4 kila nyuzi 180 panapigwa moto mara moja. Ukiwa na 12 ni kila nyuzi 60, kabla moto mmoja haujapoa mwengine keshapokea. Ndo maana ile V yao, yaani safu mbili za silinda zilizoachana kama herufi V, ina pembe ya nyuzi 60, si kwa uzuri wa kuangalia. Simama mbele yake uipime kwa macho, utaona.

Na nakuomba uangalie juu ya injini za miaka ya 1960, pale katikati ya V. Utaona kabureta, vile vyombo vya kuchanganya petroli na hewa, zimepangwa mstari, za Weber, kampuni iliyoanzia hapo hapo Bologna kwa wenyeji wako. Injini ya 250 GTO ilikuwa na kabureta 6, kila moja na koo mbili, maana yake kila silinda ina koo yake ya kuvutia hewa. Wewe umekulia kwenye injini za kompyuta, unachomeka mashine inakwambia ugonjwa, lakini waulize mafundi wazee wa Mwanakwerekwe waliokuwa wakirekebisha Peugeot 404 na Datsun wakwambie kabureta moja tu ilivokuwa inawasumbua. Sasa hizo 6, na zote zinatakiwa zivute sawa sawa, ukikosea moja gari inakohoa. Walikuwa wakizisawazisha kwa sikio na bisibisi. Mie pale nasimama mpaka wenzangu wanachoka kunisubiri.

Kuna habari moja ya hiyo 125 S lazima uende nayo kichwani. Mbio zake za kwanza zilikuwa Piacenza, tarehe 11 Mei 1947, dereva Franco Cortese, na ilikuwa inaongoza, zimebaki raundi chache, ikazima. Ugonjwa pampu ya mafuta. Yaani gari iliyokuja kuanzisha jina lote hili ilikwama pembeni kwa kitu kile kile kinachokukwamisha wewe njiani na wageni. Mwezi haukwisha ikarudi Roma ikashinda.

Basi. Hapo itakuwa saa sita saa saba mchana, na adhuhuri huko mwezi wa kumi inaingia kama saa saba hivi, jipangie kabla hujapanda basi. Basi la kwenda Maranello ni la kulipia, linapita kituo cha treni na makumbusho zote mbili, lina saa zake maalumu, likikupita utasubiri. Umbali ni kama kilomita 20 tu. Tiketi chukua ile ya pamoja ya makumbusho mbili maana inatoka rahisi kuliko kukata mbali mbali, na kata kwenye intaneti kabla hujaondoka Bologna.

Maranello wao mengi waliyonayo ni ya mbio, na hapa kuna jambo moja nataka ulifuate kutoka gari ya kwanza mpaka ya mwisho: injini imekaa wapi? Usiangalie chengine mpaka umelijibu hilo kwa kila gari unayosimama nayo.

Kwa sababu gari za Ferrari za miaka ya 1940 na 1950 karibu zote injini mbele. Waingereza wa timu ya Cooper wakaja na vigari vidogo injini nyuma ya dereva, na mwaka 1959 wakachukua ubingwa wa Formula 1. Enzo alikuwa hataki kusikia. Msemo wake unajulikana, kwamba ng'ombe hulivuta gari, halisukumi. Sie huku gari ya ng'ombe bado tunapishana nazo barabara za shamba kwa hiyo tunamwelewa alichokusudia, lakini kwenye mbio alikuwa amechelewa, na mwenyewe akaja kukubali. Mwaka 1961 akatoka na gari ya injini nyuma, ile 156 yenye pua mbili kama za papa, na Phil Hill wa Marekani akawa bingwa wa dunia mwaka ule ule.

Sababu yake ni uzito. Injini ndo kitu kizito kuliko vyote kwenye gari, ukiiweka kati ya matairi ya mbele na ya nyuma, karibu na katikati, gari inageuka kwa urahisi zaidi kwenye kona maana hakuna mzigo mkubwa unaoning'inia mbele unaotaka kwenda moja kwa moja. Na matairi ya nyuma yanayosukuma yanapata uzito juu yake, hayatelezi ovyo. Sasa hapa ndo jibu la swali lako la utaambulia nini. Kama Noah yako ni ile ya zamani, ile ambayo ukitaka kushika injini unainua kiti cha mbele, basi wewe mwenyewe unakalia injini iliyopo nyuma ya ekseli ya mbele kila siku ya Mungu. Toyota waliiweka pale kupata nafasi ya abiria si kwa ajili ya mbio, lakini uzito ni uzito, na wewe unajua kwa mikono yako inavogeuka tofauti na gari ya injini mbele kabisa. Mtu alieendesha miaka mingi mwili wake unajua mambo mengi ambayo hajawahi kuelezwa. Pale Maranello utaelezwa.

Kuna chumba cha ushindi, gari za Formula 1 zimepangwa kwa mduara na vikombe ukutani mpaka juu. Ferrari ndo timu pekee iliyoshiriki kila msimu tangu mashindano yaanze mwaka 1950, na wana ubingwa wa madereva mara 15 na wa timu mara 16. Za Schumacher, dereva wao, utaziona, alichukua ubingwa mara tano mfululizo kutoka 2000 mpaka 2004, na umati wa watu utaukuta hapo hapo. Mie nakwambia tafuta na jina la Jody Scheckter, bingwa wa mwaka 1979 na gari ya 312 T4. Ni mtu wa Afrika Kusini, na mpaka leo ndo Mwafrika pekee kuwa bingwa wa dunia wa Formula 1. Baada yake Ferrari wakakaa miaka 21 bila ya dereva wao kuwa bingwa. Watu wanapita jina lake kama hawalioni, na mie hilo linaniuma kidogo, kwa hiyo wewe simama.

Alafu F40. Ikiwa ipo siku hiyo, maana gari hubadilishwa, nyengine ni za wenyewe zimeazimwa, maonyesho yakibadilika zinaondoka, kwa hiyo usiende na gari moja moyoni ukaja kuvunjika. Lakini ikiwepo, hii ndo gari ya kuitazama kwa karibu kuliko zote. Ilitoka mwaka 1987 na ni ya mwisho kupitishwa na Enzo mwenyewe, akafariki Agosti 1988. Imelala karibu na ardhi, nyekundu, bawa kubwa nyuma. Sogea mpaka pale unaporuhusiwa uinamie ubavuni mwanga ukiwa umelala. Rangi waliipiga nyembamba mno kupunguza uzito, na chini ya wekundu utaona mistari ya ule mfumo wa nyuzi, kwa sababu bodi si bati, ni nyuzi za kaboni na kevla zilizogandishwa. Chungulia ndani kwenye dirisha. Hakuna kapeti. Hakuna redio. Mlango hauna kitasa cha kufungulia, kuna kamba tu, unavuta kamba unafunguka. Pembezoni kwenye maungio utaona gundi ya rangi ya kijani imeachwa hivo hivo wazi, hawakuifunika. Haina pawa ya usukani, haina ABS, ile ya kuzuia matairi yasijifunge ukikanyaga breki. Injini lita 2.9 silinda 8, turbo mbili, nguvu farasi 478, na mwendo unapita kilomita 320 kwa saa. Turbo zenyewe ni za IHI, Wajapani, jina ambalo fundi yeyote wa huku anaeshughulika na gari za Japani ameshaliona limeandikwa kwenye chuma. Gari ya fahari kuliko zote Italia, mapafu yake yametoka Japani, na haikuwapunguzia kitu.

Uliza pia kuhusu sampu. Gari za kawaida kama zako oili inakaa chini ya injini kwenye sampu, na ukikata kona kwa nguvu oili inakimbilia upande mmoja, kwa spidi zetu si kitu, lakini kwa spidi zao pampu inaweza kuvuta hewa badala ya oili na injini ikafa papo hapo. Kwa hiyo gari za mbio, na hiyo F40 pia, oili inanyonywa na kuhifadhiwa kwenye tangi lake pembeni. Faida ya pili, chini ya injini hapahitajiki tena beseni kubwa, injini nzima inashushwa karibu na lami, na uzito ukishuka gari inalala kidogo kwenye kona. Kitaliano chako cha ufukweni kinatosha kabisa kuuliza hayo. Wale wafanyakazi wa mle wamezoea watu wa kuuliza bei na spidi, ukimuuliza mtu habari ya oili na kabureta anabadilika uso, anakuacha umalize anakuonyesha na chengine.

Kiwanda chenyewe kipo jirani, ila hauingii, wanaoingia ni wateja na wageni wao. Kuna ziara ya basi inapita ndani ya eneo la kiwanda na uwanja wa majaribio wa Fiorano, hauruhusiwi kushuka wala kupiga picha ovyo, na kwa pesa yake mie naona ni ya kuacha. Badala yake toka nje, tembea mpaka lango la zamani la kiwanda kwenye barabara ya Abetone, simama upande wa pili na watu wengine utakaowakuta na kamera. Gari za majaribio zinatoka na kuingia, nyengine zimefunikwa bodi isijulikane umbo lake, na hiyo ni bure. Utasikia kabla hujaona. Na Ferrari wakishinda mbio za Formula 1 padri wa pale mjini anagonga kengele za kanisa, kwa hiyo ikiwa siku yako ni Jumapili ya mbio na wakashinda utakuwa umepata cha kusimulia, ingawa siku ya kazi ndo bora zaidi kwa kuona gari za majaribio.

Lamborghini nimekwambia uache, na si kwa kuwa sizipendi. Kiwanda na makumbusho yao vipo Sant'Agata Bolognese, kutoka Bologna kilomita si nyingi lakini bila ya gari binafsi unakula muda mwingi kwenye mabasi, ukichanganya na Ferrari siku moja utakuwa umekimbia kote na hujaona popote. Vile vile ujue kuna makumbusho mbili, hiyo ya kampuni, na nyengine ya familia kule Funo, inaitwa Ferruccio Lamborghini, na hiyo ya pili ndo yenye matrekta. Maana mzee Ferruccio alikuwa mtu wa matrekta, vita vya pili alikuwa fundi wa jeshi la anga, vita vilipokwisha akaanza kutengeneza trekta kwa vipande vya magari ya jeshi yaliyobaki. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba Ferrari yake ilikuwa inamsumbua klachi, akaenda kulalamika kwa Enzo, akajibiwa vibaya, ndo mwaka 1963 akaanzisha kampuni yake. Na injini yake ya kwanza V12 ilichorwa na Giotto Bizzarrini ambae alitoka kwa Ferrari. Miaka mitatu baadae, 1966, wakatoa Miura, V12 imelazwa kwa upana nyuma ya viti, na zile za mwanzo injini na gia boksi zinatumia oili moja, fundi ukisikia hivo unashika kichwa kwa sababu kila kipande cha chuma kinachosagika kwenye gia kinaogelea kwenye oili ya injini. Wenyeji wako wakijitolea kukupeleka na gari yao siku nyengine, kubali haraka.

Kabla sijasahau, kama ndege yako inapitia Dubai au Abu Dhabi, utaona tangazo la Ferrari World. Ile ni bustani ya michezo, mabembea na treni ya kukimbia kilomita 240 kwa saa, watoto wanafurahi sana. Makumbusho si ile.

Sasa kukodi. Ukitoka makumbusho ya Maranello utaona vijana wana Ferrari zimepangwa, dakika kumi bei hii, dakika ishirini bei hii, na anakaa mtu wao pembeni yako. Ni biashara halali, wala sisemi wanatapeli. Lakini fikiria. Wewe usukani wako kulia unakwenda kushoto maisha yako yote, pale usukani kushoto unakwenda kulia, mji mdogo wenye mizunguko na kamera za spidi, gari pana iliyo chini huoni ncha zake. Leseni yetu peke yake haitoshi Italia, utatakiwa uwe na kibali cha kimataifa cha udereva, kama wao wageni wanapokuja huku tunavowataka wawe na kibali cha Zanzibar, unalijua hilo kuliko mie. Na soma karatasi kabla ya kusaini, tafuta pale panaposema ukiigonga gari utalipa wewe kiasi gani kabla bima haijaanza kulipa, hicho kiwango kinaweza kuwa bei ya Noah nzima. Na baada ya yote hayo utakuwa umekwenda spidi ile ile ya kutoka Mahonda kwenda Kinyasini. Kama mikono inakuwasha, ndani ya makumbusho kuna simuleta ya Formula 1 ya kulipia, kaa humo ugonge ukuta upendavyo.

Chakula ndo kitakusumbua, na bora nikwambie mapema. Mkoa ule nguruwe yumo kila pahala, hata usipomuona. Tortellini, zile ndogo za kwenye supu, ndani ni nguruwe. Sosi ya nyama ya Bologna mara nyingi wanachanganya. Gnocco fritto, maandazi yao yanayotoka motomoto yanavutia macho kweli, yanakaangwa kwa mafuta ya nguruwe, na piadina asili yake unga wake unakandwa kwa mafuta hayo hayo. Uliza kwa jina, strutto, yaani hayo mafuta ya nguruwe, ipo au haipo, usiulize tu kama kuna nyama maana watakwambia hakuna na watakuwa wanasema kweli. Tortelloni, zile kubwa, zenye jibini laini ndani, mwambie akuwekee siagi na majani ya salvia tu, hizo utashiba. Pizza margherita pia.

Chukua koti, mwezi wa kumi bonde lile asubuhi linakuwa na ukungu na baridi ambayo sie watu wa pwani hatuijui. Tiketi ya treni ya karatasi ipige muhuri kwenye ile mashine ya kituoni kabla hujapanda, usipopiga unatozwa faini na Kitaliano chako hakitakusaidia. Treni za mkoa kutoka Bologna mpaka Modena ni nyingi na hazifiki hata nusu saa, panda ya asubuhi mapema uwe mlangoni wakati wanafungua, kabla mabasi ya watalii hayajaleta watu.